Je, madini kwenye chakula yanatibu utumbo wa kamba wa kufugwa? Jibu kutoka kwa aliyejaribu

Pole na bwawa, mkuu. Umesema kamba wako wana utumbo uliokatika-katika (ule mstari wa mgongoni unaonekana vipande-vipande), na kuna mtu amekushauri uchanganye zinki, shaba na chuma kwenye chakula ili "kulisha bakteria wazuri". Njia hiyo niliipita na iliniingiza hasara, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Nilinunua unga wa madini ya salfeti, nikawa naunyunyiza juu ya chakula kikavu na kumwaga bwawani. Wiki tatu sikuona tofauti, nikazidisha kipimo mara mbili. Kamba wakaanza kubakiza chakula kwenye trei. Jioni moja nikatia tembe kumi za chakula hicho kwenye bilauri ya maji ya bwawa, nikasubiri nusu saa. Maji yalikuwa na ukungu, unga umetuama chini, tembe ziko tupu. Kamba hamezi kama samaki: anaishika tembe kwa miguu na kuiguguna taratibu, na muda wote huo chumvi za madini zinayeyuka. Kumbe siku zote zile nilikuwa nalisha maji.

Tangu hapo natumia madini yaliyofungwa na asidi amino, yakiwa yamechanganywa ndani ya tembe tangu kiwandani. Ni ghali zaidi, lakini yanafika tumboni.

Kwenye zinki, angalia kwanza chakula chako kina soya kiasi gani. Mimea ina fitati, kemikali ya asili iliyomo hasa kwenye mbegu, na fitati hulishika zinki lisifyonzwe. Majaribio ya miaka ya 1990 kwa kamba weupe (Penaeus vannamei) yalionyesha kwamba bila fitati, miligramu 33 za zinki kwa kilo ya chakula zilitosha. Fitati ilipofika asilimia 1.5, mahitaji yalipanda hadi kama miligramu 218. Kamba aliyepungukiwa zinki hudhoofika kinga, na vibrio, bakteria wanaoweza kuwaugua kamba na ambao huwa wapo tumboni kila siku, hupata nafasi ya kuzaana.

Shaba ni ya lazima pia. Damu ya kamba hubeba oksijeni kwa hemosianini, ambayo imejengwa kwa shaba, ndiyo maana ina ubuluu. Lakini anahitaji kidogo, miligramu thelathini na kitu kwa kilo. Inayozidi na isiyofyonzwa hubaki utumbuni, na shaba huua bakteria bila kuchagua mzuri na mbaya. Wanaosalia ni wale sugu, na usugu wa shaba mara nyingi huambatana na usugu wa dawa. Hili ndilo linaloniumiza zaidi nikikumbuka kile kipimo changu cha mara mbili.

Chuma usiongeze kabisa. Unga wa samaki tayari unacho cha kutosha, na vibrio hutengeneza molekuli za kukinyakua chuma popote kilipo. Ukikimwaga utakuwa umewaandalia karamu. Seleniamu ni muhimu kwa kimeng'enya kinacholinda seli, ila kiasi chake ni kidogo mno, sehemu ya miligramu, kwa hiyo usiipime kwa mkono.

Na usisahau kujivua gamba. Utando wa utumbo wa mbele na wa nyuma hutoka pamoja na gamba, na bakteria walioshikamana nao huondoka. Wanaoingia baada ya hapo hutoka kwenye maji na tope la chini. Bwawa lenye tope jeusi linalonuka litakurudishia vibrio walewale hata chakula kiwe bora namna gani.

Kabla hujanunua chochote, toa kamba watano kwenye trei saa moja baada ya kulisha, uwainue juani. Mstari wa utumbo ukiwa mzima na wenye rangi ya chakula, shughulikia chakula na tope. Ukiona ile tezi iliyo nyuma ya kichwa imepauka na kusinyaa, au kinyesi cheupe kinaelea, peleka sampuli maabara leo hii wapime vibrio na EHP, kimelea kidogo sana kinachoshambulia tezi hiyo. Wakivikuta, mfuko wa madini hautawaokoa.