Jibu: Giligilani na bangi, kwa nini zote "sativa"?

Salaam ndugu. Umeuliza kama giligilani yako, iliyoandikwa Coriandrum sativum kwenye pakiti ya mbegu, ina undugu na bangi, Cannabis sativa. Haina. Neno la pili ni sifa tu: linatokana na kitenzi cha Kilatini serere, kusia mbegu, na maana yake ni "inayopandwa". Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alilitumia mwaka 1753 kwa mazao mengi, ndiyo maana utalikuta hata kwenye mpunga, Oryza sativa, na tango, Cucumis sativus.

Mwisho wa neno hilo hubadilika kwa upatanisho, kama tunavyosema mti mzuri, kiti kizuri. Nikiandika vibao vya kitalu huangalia kwanza jinsia ya jina la jenasi, yaani lile neno la kwanza: Oryza la kike, Cucumis la kiume, Coriandrum si la kike wala la kiume.

Ila miti itakutega. Kilatini huihesabu mingi kuwa ya kike hata jina likiishia na -us. Mti wa Prunus, ule ambao magome yake huchunwa kwa dawa ya tezi dume, ni Prunus africana, si africanus. Ukikwama, kamusi ya Kilatini huonyesha jinsia ya majina mengi.