Maswali na majibu: gari dogo la dizeli na spana zako mwenyewe

Maswali ya safari hii yanatoka kwa watu wa aina moja: wana gari dogo la dizeli ambalo si jipya tena, wana spana na jioni za kutosha, na wanataka kulihudumia wenyewe. Wengi wanauliza pia namna ya kuliongezea nguvu. Nimeyapanga kwa utaratibu ambao ningeufuata katika kazi yenyewe: dizeli, hewa na oili kwanza, nguvu baadaye.

Shikamoo fundi. Asubuhi gari langu linasumbua kuwaka. Napiga stata muda mrefu, linatoa moshi mweupe, kisha linatulia na kwenda vizuri siku nzima. Nimeambiwa nibadilishe nozeli zote nne. Ni kweli?

Marahaba. Usinunue nozeli, vile vipulizia vya dizeli, bado. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inabana hewa mara 16 hadi 22 kutegemea muundo wake, hewa inapata joto, na dizeli inayopulizwa ndani inawaka kwa joto hilo. Asubuhi chuma kikiwa baridi, sehemu kubwa ya joto hilo inamezwa na kuta za silinda, ndiyo maana zipo hita plagi, plagi za umeme zinazopasha moto ndani ya silinda. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi maana yake mafuta yanafika ila hayawaki. Kwa kuwa gari linatulia likipata moto, mshukiwa wa kwanza ni hita plagi.

Kuzipima ni rahisi. Zima gari, ondoa waya unaoziunganisha, chukua taa ndogo ya majaribio, funga mguu wake mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine uguse kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani wa plagi ni mzima. Isipowaka, plagi imekufa. Usiunganishe plagi na betri moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya plagi za magari mapya zinatumia volti chache kuliko 12 na zitaungua papo hapo. Kama zote ni nzima, angalia fyuzi na rilei yake.

Halafu pima betri. Ikiwa imepumzika inatakiwa iwe karibu na volti 12.6. Ikishuka chini ya 10 wakati wa kupiga stata, injini inazunguka polepole na joto la kubana hewa halipatikani, hata kama hita plagi ni mpya.

Jambo moja la kuzingatia unapozifungua: fanya injini ikiwa na uvuguvugu, pulizia mafuta ya kulegeza kutu mapema, na ukiona plagi inagoma, irudishe kidogo kisha ijaribu tena. Plagi ikikatikia ndani ya kichwa cha silinda, kazi ya saa moja inageuka kazi ya kufungua injini.

Nilibadilisha filta ya dizeli mwenyewe. Tangu hapo gari haliwaki kabisa. Nimeharibu nini?

Yaelekea hujaharibu kitu. Umeingiza upepo kwenye mfumo, na pampu ya dizeli haiwezi kujenga presha kwa upepo. Kama kuna pampu ya mkono, iwe ya mpira au ya kubonyeza juu ya filta, ipige hadi iwe ngumu. Kama filta ina skrubu ya kutolea upepo, ilegeze huku unapiga pampu, na uifunge pale dizeli inapotoka bila povu. Magari yenye pampu ya umeme ndani ya tangi hayahitaji hayo: washa swichi bila kupiga stata, subiri pampu inyamaze, zima, rudia mara kadhaa. Ukipiga stata, usizidishe sekunde 10 hivi kwa mara moja, kisha uipumzishe.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Mafundi wa zamani walikuwa wanatoa upepo kwa kulegeza nati za mabomba ya nozeli huku injini ikizungushwa. Kwenye pampu za mitambo ilikuwa njia ya kawaida. Kwenye mfumo wa komoni reli, ambapo nozeli zote zinalishwa na bomba moja linalotunza dizeli yenye presha kubwa, ni hatari kubwa. Mfumo huo uliingia kwenye magari madogo mwaka 1997 na Alfa Romeo 156, na leo karibu kila dizeli ndogo inautumia. Presha yake inafika bar 1,600 na zaidi. Dizeli ikichomoka kwa presha hiyo inatoboa ngozi na kusambaa ndani ya nyama. Kidonda huonekana kidogo, pengine hakiumi mwanzoni, na mtu hupuuza, kumbe mkono unaweza kupotea. Ikitokea, ni hospitali mara moja, na umweleze daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha. Usifungue bomba lolote la presha injini ikiwa inawaka, na usitafute uvujaji kwa kidole.

Safari ijayo, kabla ya kufungua filta safisha eneo lote linaloizunguka na ukaushe. Ukitaka kuijaza dizeli kwanza, mimina upande wa kuingilia, ule wa mafuta ambayo bado hayajachujwa. Ukimimina upande wa kutokea, uchafu wowote wa kwenye kopo unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Na kama filta ina kizibo cha kutolea maji chini, kifungue mara kwa mara. Maji ni adui wa nozeli kuliko kilomita nyingi.

Nimemwaga oili juzi, leo kijiti kinatoka cheusi. Nimeuziwa oili mbovu?

Hapana. Dizeli inatoa masizi, na kazi mojawapo ya oili ni kuyabeba. Kuwa nyeusi haraka ni kawaida.

Kinachopaswa kukutisha ni kiwango cha oili kupanda. Kama kijiti kinaonyesha oili imeongezeka bila wewe kuongeza, kuna kitu kinaingia humo, na mara nyingi ni dizeli. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, na wa kwanza kuumia ni turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na beringi. Imwage, tafuta chanzo, weka mpya. Kama gari lako lina kichujio cha masizi, tumia oili yenye majivu machache, ya daraja la ACEA C ambalo kitabu cha gari kimelitaja. Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara kila mara, hata kwa kazi ya dakika mbili.

Injini inatoa mlio wa «chaf, chaf, chaf» unaoongezeka nikikanyaga mafuta, na pembeni ya nozeli moja kuna mabaki meusi. Naweza kurekebisha nyumbani?

Unaweza, ila ni kazi ya utulivu. Chini ya kila nozeli kuna washa, pete ndogo bapa ya shaba inayoziba gesi ya silinda. Ikichoka, gesi inapenya pembeni, inabeba masizi na oili, na kila ikitoka inaacha mabaki yanayoganda magumu kama lami. Kuthibitisha, ondoa kifuniko cha juu cha injini, dondoshea maji kidogo yenye sabuni kwenye shina la nozeli, kisha washa gari. Ukiona mapovu, umepata jibu. Usiahirishe, kwa maana gesi hiyo inakula sehemu ambayo washa inakalia, na ikishakulika washa mpya haitaziba.

Pasha injini, izime, pulizia mafuta ya kulegeza na uyape muda wa kutosha kuingia, hata usiku mzima. Fungua bomba la presha mfumo ukiwa umetulia, na palepale ziba ncha zote mbili kwa vifuniko safi. Chembe ya mchanga usiyoiona kwa macho inatosha kuua nozeli. Zungusha nozeli kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta juu. Usiipige nyundo kutoka pembeni.

Ikitoka, hakikisha washa ya zamani imetoka pia. Mara nyingi inabaki chini, imeshikana na masizi. Ziba tundu la silinda kwa kitambaa kidogo chenye grisi, kisha safisha kikao chake kwa kifaa chake maalumu, polepole, hadi shaba mpya ikutane na chuma kinachong'aa pande zote. Ondoa kitambaa pamoja na uchafu ulionasa. Washa mpya iwe na unene uleule wa zamani, kwa sababu unene huo ndio unaoamua ncha ya nozeli inaingia ndani kiasi gani. Bolti ya kushikilia nozeli iwe mpya kama mtengenezaji ameagiza hivyo, na uifunge kwa spana ya kupima torki, kwa kipimo cha injini yako. Kila nozeli irudi kwenye silinda yake, maana magari mengi yamehifadhi namba ya kila nozeli kwenye kompyuta.

Taa ya kichujio cha masizi inawaka kila baada ya muda. Rafiki ananishauri nikitoboe ndani niachane nacho. Wewe unasemaje?

Sikubaliani naye. Katika nchi nyingi ni kosa kisheria, gari linaweza kukataliwa kwenye ukaguzi, na masizi hayo yanaingia kwenye mapafu ya watu wanaotembea nyuma yako. Kichujio kinajisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Safari fupi fupi hazilifikishi joto hilo, au zinakatiza kazi katikati. Endesha barabara kuu dakika 20 au 30 bila kusimamasimama, kwa gia inayoiacha injini izunguke vizuri. Kama taa inarudi upesi hata baada ya hapo, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Mara nyingi chanzo kiko mbele ya kichujio: nozeli inayomwaga mafuta, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyokwama, sensa ya presha, au mpira wake uliochanika.

Nataka kuliongezea nguvu. Nimeona vijisanduku vinavyochomekwa kwenye waya na kuahidi farasi wengi. Ninunue?

Mimi nisingenunua. Vingi vya bei rahisi vinaidanganya kompyuta kuhusu presha ya reli ili ipandishe zaidi. Pampu na nozeli ndizo zinazolipa.

Ila swali lako lina jambo la maana, kwa sababu dizeli nyingi zenye umri zimepoteza nguvu zilizozaliwa nazo, na hizo unaweza kuzirudisha mwenyewe. Anza na filta ya hewa na ya dizeli. Kisha papasa mipira yote kutoka kwenye turbo hadi inapoingia injini, hasa upande wa chini usioonekana. Vidole vikitoka na oili na masizi mahali pamoja, hapo pana mpasuko unaofunguka presha ikipanda. Dalili zake ni moshi mweusi, mluzi, na gari kuwa zito ukikanyaga. Safisha sensa ya kupima hewa kwa dawa yake tu, bila kuigusa. Fungua vali ya EGR utazame masizi yalivyoganda, uyatoe. Mtu anayeyafanya haya kwa mara ya kwanza kwenye gari la kilomita 200,000 huwa anashangaa.

Baada ya hapo, kama bado unataka zaidi, programu ya kompyuta iandikwe na mtu anayepima gari lako mwenyewe, si faili lililonakiliwa. Kumbuka kwamba turbo inaleta msukumo mkubwa kwenye mzunguko wa chini, na klachi ndiyo ya kwanza kuteleza, pamoja na gurudumu la injini la vipande viwili kama gari lako linalo. Bima ijulishwe. Na fedha ya kwanza iende kwenye breki, matairi na shokamzoba. VW Golf ya kwanza ya dizeli, mwaka 1976, ilikuwa na farasi 50 tu, na watu walisafiri nayo mbali. Gari dogo linalosimama vizuri ni zuri zaidi kuliko lenye kasi lisiloshikika. Maji ya breki yabadilishwe kila miaka 2, maana yananyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa.

Nimewekewa petroli kwa bahati mbaya. Nimegundua kabla ya kuwasha.

Usiwashe, hata swichi usiiguse, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya tangi huanza hapo hapo. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha. Petroli inaondoa ulaini huo na chuma kinasagana. Tangi limwagwe lote. Kuongeza dizeli juu yake si dawa kwa komoni reli.

Na mafuta ya kupikia? Nasikia dizeli inakubali.

Ya zamani, kwa kiasi. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta hayo ni mazito kuliko dizeli, hayapulizwi vizuri yakiwa baridi, na yanaacha utomvu kwenye nozeli. Kwenye gari la komoni reli lenye kichujio cha masizi, usijaribu.

Mkanda wa taimingi nibadilishe mwenyewe, au nimwachie fundi?

Kama una pini za kufungia injini hiyo hasa, maelezo ya mtengenezaji, na umeshafanya kazi nyingine kubwa ukamaliza bila haraka, fanya. Kama kimojawapo kinakosekana, mpe fundi. Mkanda huo ndio unaofanya vali na pistoni ziende kwa mpangilio. Kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na vali ni ndogo mno, na mkanda ukiruka meno machache tu vyuma vinakutana.

Usisubiri kilomita pekee, maana mpira unazeeka; kitabu cha gari kina ukomo wa miaka pia, na kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Badilisha kwa pamoja mkanda, tenshena inayoukaza na roli zake, na pampu ya maji kama inaendeshwa na mkanda huohuo. Ukishafunga, toa pini zote, weka spana kwenye bolti ya krenki, na uzungushe injini kwa mkono raundi mbili kamili, kwa upande inaozunguka kawaida. Uzito wa kubana hewa utausikia ukija na kuondoka; huo ni wa kawaida. Ikigota ghafla, chuma kwa chuma, simama hapo, usiongeze nguvu, rudi kwenye alama. Baada ya raundi mbili pini ziingie tena zenyewe bila kulazimishwa. Zikikataa kuingia, legeza tenshena uanze upya, hata kama kumeshakuwa usiku.