Umeng'atwa na kupe na homa imeanza? Soma hapa kabla hujameza mseto

Kwanza pole sana dada yangu. Umesema unalima mananasi Kiwangwa huko Bagamoyo, juzi umemtoa kupe nyuma ya goti, alafu ukaingia intaneti ukakutana na ugonjwa wa Lyme na picha za watu waliopinda uso, sa hivi hulali na unauliza Dar wapi wanapima Lyme. Nakujibu kwa urefu kwasababu haya mambo ya kupe yamepita nyumbani kwetu mara mbili, mara ya kwanza kwangu mwenyewe na mara ya pili kwa mdogo wangu wa kike, na hiyo ya pili ilituachia kaburi dogo. Mi sio daktari, ni mfugaji niko Pongwe hapa Tanga, nina ng'ombe wa maziwa wachache, ila nimewauliza sana madaktari mpaka nimeelewa.

Hela ya kupima Lyme usiitoe. Ule ugonjwa jina lake limetoka kwenye mji wa Lyme, jimbo la Connecticut kule Marekani, miaka ya 1970 watoto wengi wa eneo hilo walikuwa wanavimba magoti wakidhaniwa wana baridi yabisi, baadae mtafiti Willy Burgdorfer akakiona kidudu chake ndani ya kupe, ikatangazwa 1982. Kupe wanaoubeba ni wa misitu ya nchi za baridi, Marekani, Ulaya na baadhi ya sehemu za Asia. Huyo wa kwenye mananasi yako sio yeye. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, kidudu cha Lyme kina ndugu yake ambaye ni wa huku kwetu kabisa, yule wa homa ya papasi, kwa hiyo mtu mwenye homa ya papasi akipimwa Lyme kipimo kinaweza kusema anayo wakati hana. Utalipa hela nyingi na utarudi na jibu la kukupotosha.

Ya kwetu ya kuogopa kwa mtu aliyeng'atwa kupe shambani ni ile homa ya kupe yenye kigaga cheusi. Ndio iliyonipata mimi.

Ilikuwa 2019 mwezi wa tano, masika imekolea, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kwenye shamba la mkonge lililoachwa siku nyingi, majani yamenifika kiunoni. Jioni naoga nikawabandua kupe wawili watatu nikawatupa, mfugaji gani anahesabu kupe. Kama siku ya sita hivi nikaamka mwili wote umepondwa, kichwa kinauma kwa kisogoni mpaka shingo haitaki kugeuka, baridi kali na jua liko nje linawaka. Nikaenda zahanati wakanipima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hakuna. Nikapewa dawa mseto hivyo hivyo, eti kipimo kinaweza kudanganya. Nikamaliza dozi, homa iko palepale, nikarudi nikaambiwa una taifodi na UTI, nikachomwa sindano siku tatu. Jamani wote tunaijua hii safari, malaria, taifodi, UTI, alafu hela imeisha na unaumwa vile vile. Na mtoki ulikuwa umenivimba huku mapajani kwa juu kama yai la kwale, nikaulizwa una kidonda mguuni nikasema sina, ikaishia hapo.

Aliyenisaidia ni tabibu mmoja mzee kwenye kituo kingine. Hakuanza na dawa, aliniuliza unafanya kazi gani, nikamwambia nafuga. Akasema vua suruali. Akachukua simu yake akawasha tochi akaanza kunikagua taratibu kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, nyuma ya magoti, mapajani, kwenye mstari wa mkanda, kwapani. Nyuma ya goti la kulia akakuta vigaga viwili na kiunoni kimoja. Nakielezea vizuri ili ukikiona ukitambue: ni kidoa cheusi kimekauka, saizi ya kichwa cha njiti ya kiberiti iliyoungua au kikubwa zaidi kidogo, pembeni kimezungukwa na wekundu uliovimba, hakiumi wala hakitoi usaha, ndio maana mimi siku zote hizo nilikuwa nakipaka sabuni na kupita. Akanishika ule mtoki akasema "hii ni homa ya kupe, mwanangu, malaria huna". Akanipa doksi (doxycycline), miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku ya pili jioni nikaomba ugali. Wiki mbili zote zile nilizolala, na dawa yenyewe ni vidonge vya bei ndogo vilivyojaa kila duka la dawa!

Kidudu chake kinaitwa Rickettsia africae, na kupe wake mkubwa huku kwetu ni yule wa mapambo, dume lake mgongoni lina rangi ya chungwa na madoa meusi, miguu ina mistari, mfugaji yeyote anamjua. Yule hakai tu kwenye jani akusubiri upite, akihisi mtu au mnyama anamfuata. Na wadogo zake ambao hata huwaoni wanang'ata pia, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na vigaga vitatu vinne na akaapa hajawahi kuona kupe. Homa huwa inaanza siku tano mpaka kumi baada ya kung'atwa. Kuua inaua kwa nadra sana, nikutoe hofu hapo, ila inakulaza na inakumalizia hela kwa magonjwa ambayo huna. Tena kipimo chake cha damu hakipo kwenye vituo vyetu vingi, kwa hiyo macho ya daktari ndio kipimo, na daktari hawezi kuona nyuma ya goti lako kama umekaa kwenye kiti umevaa suruali. Mwambie wewe. Mwambie nimeng'atwa na kupe tarehe fulani, naomba uniangalie mwili.

Na sio mimi peke yangu niliyepigwa danadana. Kuna utafiti ulifanyika Moshi 2007 mpaka 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa, zaidi ya nusu waliandikiwa wana malaria, walipopimwa sawasawa wenye malaria kweli walikuwa 14 tu. Homa za kupe zilikuwemo humo ndani, na homa za panya na za mifugo, na kuna wagonjwa walikuwa hawatibiwi homa hizo kabisa. Hiyo hesabu niliposimuliwa nilikaa kimya muda mrefu.

Sasa ya pili, papasi. Hii wala haihusiani na shamba, hii ni ya ndani ya nyumba, na ndio naomba kila mwenye ndugu Dodoma asome mpaka mwisho.

Mdogo wangu ameolewa na mtu wa kule, akaenda kukaa na mama mkwe miezi miwili, anarudi mimba ina miezi sita. Nyumba ya tembe, ya udongo, sakafu ya udongo, analala chini kwenye mkeka. Amerudi Tanga ana homa kali, siku tatu hivi, alafu ikakata yenyewe kabisa, tukashukuru Mungu. Karibu wiki nzima mzima anapika anacheka, alafu homa ikarudi ile ile na kichwa na kutapika. Ikakata tena. Tukasema malaria sugu. Duka la dawa wakatupa mseto, mara ya pili wakatupa mseto mwingine wa kampuni nyingine, na kila homa ilipokata yenyewe tulidhani dawa imefanya kazi, ndio ubaya wa huu ugonjwa, unakudanganya kwamba umepona. Mara ya tatu uchungu ukaanza kabla ya wakati, mtoto akazaliwa na miezi saba akaishi masaa machache. Hospitali ndipo mtu wa maabara alipochukua damu wakati homa iko juu, akaiweka kwenye kioo, akaangalia kwa hadubini akaviona vinaogelea katikati ya chembe za damu, virefu vimejikunja kama skrubu. Kile kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuviona hata umpime mara kumi, hakikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Papasi sio kupe wa kawaida. Ana ngozi laini ya kijivu iliyokunjamana, hana gamba gumu, mchana anajificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu, usiku anatoka anakunyonya nusu saa hivi alafu anarudi alikotoka kabla hujaamka. Haumi wakati anang'ata, kwa hiyo hutomkuta amekung'ang'ania mwilini, usimsubiri kumuona. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, nyumba ikafungwa ikafunguliwa bado yumo. Robert Koch yule Mjerumani wa kifua kikuu alikuwa nchi hii 1905 akawachunguza papasi wa kwenye vibanda walivyokuwa wanalala wapagazi njia za misafara, akakuta vidudu vimo mpaka ndani ya mayai yao, maana yake papasi anazaliwa nao. Hicho kidudu kimepewa jina la Dutton, daktari Mwingereza aliyefia Kongo mwaka huo huo akiwa anautafiti huo ugonjwa. Miaka mia na kitu imepita, na mdogo wangu alipewa mseto mara mbili.

Kwa hiyo homa inayokuja siku tatu inakata wiki inarudi, na umelala nyumba ya udongo wiki chache nyuma, sema hivyo hivyo kwa mdomo wako: nimelala nyumba yenye papasi, naomba damu yangu iangaliwe kwa hadubini, na nenda wakati homa iko juu, ikikata hivyo vidudu vinapungua mno kwenye damu na wanaweza wasivione. Dawa zipo, doksi au penisilini, kwa mjamzito na mtoto mdogo daktari anachagua nyingine kama erithromaisini, usimpe mjamzito doksi ya dukani kwasababu umesoma hapa kwangu. Na dozi ya kwanza ya papasi mtu asiinywe akiwa nyumbani peke yake. Vidudu vikifa kwa wingi mwili unachachamaa, saa moja mpaka nne baada ya dawa anatetemeka vibaya, homa inapanda, presha inaweza kushuka. Mdogo wangu alifanyiwa hivyo mbele yangu, kitanda kinagonga ukuta, nikajua anakufa, nesi yeye ameshika mkono wake anahesabu mapigo na dripu iko tayari kwasababu alijua kinachokuja. Baada ya masaa akalala usingizi mzuri.

Turudi kwa kupe wako. Sijui ulimtoaje, ila siku nyingine usimwagie mafuta ya taa, usimuunguze na sigara, usimpake vaselini, hivyo vyote vinamchelewesha kutoka na vinaweza kumfanya atapike ndani yako. Chukua kibano cha nyusi, mshike karibu kabisa na ngozi, sio tumboni, vuta juu moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu bila kuzungusha. Kipande cha mdomo kikibaki usichimbe na sindano, ngozi itakitoa yenyewe. Osha kwa sabuni au spiriti. Na nyie wafugaji wenzangu mnaopasua kupe kwa kucha huku mnakamua, acheni, yale maji yake yakiingia kwenye mchubuko mnaweza kujiletea mabaya kuliko hayo niliyosimulia, kuna homa ya kupe ya kutoka damu ambayo hairuhusu kukosea. Vaeni glovu. Ila ndigana kali ya ng'ombe haimpati mtu, hilo naulizwa kila siku.

Shambani vaa suruali ndefu uichomeke kwenye soksi au kwenye buti, nguo ya rangi nyepesi ili umuone anavyopanda, na ukirudi jikague kabla hujakaa, mwambie mtu akuangalie nyuma ya magoti na mgongoni. Watoto waangalieni kichwani na nyuma ya masikio. Mimi ng'ombe naogesha kila wiki sasa, siruki. Na mama mkwe wa mdogo wangu tulichanga tukamsakafia vyumba viwili kwa saruji na kuta tukaziba nyufa, tukamnunulia kitanda, tukakisogeza mbali na ukuta na neti tukaichomeka chini ya godoro.

Wewe dada, andika leo tarehe uliyomtoa huyo kupe, iandike hata ukutani. Usinywe dawa yoyote sa hivi, huumwi. Jiangalie pale goti kila jioni kwa siku kumi na nne, na mapajani jishike kama kuna mtoki. Kikitokea kidoa cheusi au homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaonyeshe goti. Kama una mimba au unanyonyesha liseme hilo kabla hawajaandika dawa. Na ukipewa doksi inywe baada ya kula na glasi nzima ya maji, usilale hapo hapo itakuunguza koo, usiinywe pamoja na maziwa, na kwenye mananasi vaa kofia na mikono mirefu maana ngozi inaungua na jua haraka ukiwa nayo. Alafu rudi hapa utuambie goti linaendeleaje.