Kabla hujatoa pesa ya kompyuta ya gemu hapa Kampala

Wadogo zangu mnaoanza, kila wiki napata mtu ananiuliza "braza nina milioni moja na nusu, ninunue kompyuta gani ya kuchezea gemu?" na kabla sijajibu ameshatuma picha ya mashine yenye stika ya i7 (aina ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta) mbele, eti muuzaji kamwambia hii inacheza kila kitu. Sasa naandika yote mara moja maana hizo pesa najua zinavyopatikana, kuna waliojinyima mwaka mzima, kuna waliouza simu, na inaniuma sana mtu akiingia mjini na akiba yake yote halafu anarudi na mashine ambayo kazi yake ni kuchapa barua.

Mimi ilinikuta 2019. Nilitoka Busia na shilingi 1,200,000, nikapanda zile ghorofa za maduka pale mjini nikaona kompyuta moja nyembamba, safi haina mkwaruzo, i7, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, nikaambiwa laki 7 nikalipa. Kwenye duka la pili nikachukua kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, GTX 1050 Ti kwa pesa iliyobaki. Nimefika nyumbani, nafungua kifuniko, nashika kadi niipachike, kadi imesimama juu ya ukingo wa sanduku kama vidole vitatu hivi, kifuniko hakiwezi kufunga hata ufanyeje. Asubuhi nimerudi dukani nikaonyeshwa risiti, chini kabisa imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Ile kadi ilikaa chini ya kitanda miezi mitano mpaka nikapata pesa ya sanduku lingine.

Kwa hiyo mpangilio wangu sasa ni huu na sitaki muubadilishe: gemu kwanza, kisha kadi ya kuicheza hiyo gemu, kisha sanduku la kuipokea hiyo kadi na kuipa umeme wa kutosha, na prosesa inakuja nyuma ya hayo yote. Wengi mnaanzia kwenye prosesa kwa sababu ndiyo ina stika.

Chukua karatasi andika gemu unazotaka kweli, majina. Kama ni Valorant, CS2, Rocket League, Dota 2, hizo haziombi makuu na zote ni za bure, mashine ya kawaida yenye kadi ndogo inatosha. Kama ni mpira, FC 24, EA wenyewe wanaoitengeneza waliandika kiwango cha chini ni GTX 1050 Ti ya GB 4, RAM 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski, na hicho ni kiwango cha kufungua na kucheza kwa shida shida, sio cha kufurahia, wewe lenga juu ya hapo kidogo. Halafu kuna hizi mpya kabisa, Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025, hizi zinadai kadi yenye ray tracing (uwezo wa kuhesabu mwanga na vivuli) ndani yake, kwa hiyo kadi yoyote ya GTX, hata ile kubwa 1080 Ti, huwezi kuzichezea. Ukiambiwa "hii GTX inacheza gemu zote za sasa" ujue muuzaji hajui au hataki ujue. Ukurasa wa gemu kule Steam, duka la gemu mtandaoni, una mahitaji yote chini kabisa, soma, ni dakika mbili.

Sasa hiyo i7. i7 peke yake haina maana yoyote, kitu cha kuangalia ni namba inayofuata. i7-2600 ni ya 2011, i3-12100 ilitoka 2022, na hiyo i3 inaiacha i7 mbali sana kwenye gemu. Tarakimu za mwanzo ndizo jenereshoni, yaani kizazi cha prosesa, 4570 ni ya nne, 6500 ni ya sita, 8500 ni ya nane, 12100 ni ya kumi na mbili. Uliza muuzaji "ni jenereshoni ya ngapi?" akisema tu "ni i7 mzee, ni nzuri" washa mashine uangalie mwenyewe. Chini ya jenereshoni ya sita nyingi zinatumia RAM ya aina ya zamani, DDR3, ukija kupandisha mashine baadaye ile RAM huwezi kuhama nayo.

Na jenereshoni ya nane ina jambo lake. Windows 11 rasmi inataka kuanzia hapo kwa upande wa Intel, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana mashine za jenereshoni ya sita na ya saba utaziona bei rahisi, ofisi za huko nje zinaziondoa. Kwa gemu za kawaida bado zinafanya kazi vizuri tu, ila Valorant ukiicheza kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka) viwe vimewashwa, na FC 26 nayo inadai Secure Boot. Kama pesa yako inafika i5-8500 usirudi nyuma kwa ajili ya i7 ya zamani, ile ina kori 6 (kama ubongo sita ndani ya prosesa moja) na itakaa na wewe miaka.

Tuje kwenye sanduku lenyewe, lile watu wengi hapa wanaliita CPU. Mashine za ofisi zilizotumika, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, ndizo njia ya bei nafuu kwetu, ila kila moja inakuja kwa maumbo tofauti na jina ni lile lile. Kuna kubwa iliyosimama, tower, kuna nyembamba, SFF, kuna ndogo kama kitabu. Ile ndogo kama kitabu kadi ya grafiki ya kawaida haina pa kukaa, achana nayo. Nyembamba inapokea kadi fupi tu zinazoitwa low profile, zipo lakini ni chache na bei iko juu. Chukua tower hata kama ina mikwaruzo, hata kama imepoteza kifuniko cha mbele, mkwaruzo haupunguzi fremu (picha za gemu kwa sekunde).

Halafu umeme wa ndani. Ile sloti ya madabodi (bodi kuu ya ndani) unayopachika kadi inatoa wati 75 basi. Kadi zinazoishi ndani ya hizo wati 75 hazihitaji waya wa ziada, GTX 1050 Ti, GTX 1650 nyingi, na RTX 3050 ya GB 6, sio ya GB 8, hiyo ya 6 ndiyo nawashauri watu wengi sasa hivi wenye tower ya ofisi, ina ray tracing na inakula wati 70. Angalia GTX 1650 kwa macho yako kwa sababu baadhi zina tundu la pini 6. RX 580 ni kadi tamu kwa bei yake lakini inakula wati 185 na ina pini 8, pawa saplai (kile kisanduku cha umeme cha ndani) ya ofisi yenye wati 290 haina huo waya. Na usiseme utabadilisha pawa saplai tu, EliteDesk nyingi na baadhi ya OptiPlex zina pini zao za pekee kwenye madabodi, pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta.

Kuna zile waya za kuunganisha, upande mmoja umeme wa diski, upande wa pili pini 8 za kadi, zinauzwa rahisi sana. Mwaka juzi kijana kaniletea mashine inajizima kila akianza gemu. Nimefungua, harufu ya plastiki imenipiga usoni, ile kichwa ya waya imeyeyuka imeshikana na tundu la pawa saplai, pini mbili nyeusi tii, rangi ya waya ya njano imegeuka kahawia kama sentimita tano hivi. Ile waya ya diski imetengenezwa kubeba umeme wa diski, yeye alikuwa anavuta umeme wa RX 580 ndani yake masaa manne kila usiku, chumba kina godoro na mapazia. Tafadhali msiweke hiyo waya.

Kupima ndiko kwenyewe, na hapa ndipo msiwe na aibu. Ingia dukani na flashi yako yenye GPU-Z, CrystalDiskInfo na FurMark, zote ni za bure na ndogo. Mwambie muuzaji kwa heshima "mzee wangu naomba niipime nusu saa, ikipita nalipa keshi hapa hapa", wengi wanakubali, na anayekataa kabisa mshukuru utoke. Fungua GPU-Z kwanza. Kuna kadi za zamani zimebadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kama 1050 Ti, Windows inadanganyika kabisa na inaandika 1050 Ti, lakini GPU-Z inazijua nyingi na inaweka neno FAKE mbele ya jina. Nilikuwa na dada mmoja siku moja tunapima, sanduku la kadi jipya lina mpaka plastiki, GPU-Z ikaandika FAKE, muuzaji mwenyewe akashangaa maana naye aliuziwa. Kama ni RX 580 angalia pia isiwe toleo la 2048SP, ni pungufu.

Halafu FurMark, inayoifanyisha kadi kazi kwa nguvu zote, dakika 15, wewe kaa uangalie skrini. Ukiona vidoti vya rangi, mistari, skrini ikawa nyeusi ikarudi, kadi ni mgonjwa. Joto likipita 85 na feni inalia kama bodaboda inapanda mlima wa Mulago, labda ni vumbi tu, labda imechoka kwa kuchimba sarafu za mtandaoni, omba wasafishe upime tena. CrystalDiskInfo nayo itakuambia diski imefanya kazi masaa mangapi na afya yake, ikiandika Caution punguziwa bei au wabadilishe.

RAM weka 16, na ziwe mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, zikiwa mbili prosesa inasoma kwa njia mbili na kwenye gemu unaona tofauti, hasa kama bado unatumia grafiki ya ndani ya prosesa. SSD, ile diski ya kasi, ni lazima, angalau GB 500, gemu zenyewe sasa ni GB 100 moja.

Laptopu sitakaa nayo sana. Kama uko hosteli Kikoni, chumba kidogo na unahama kila semista, nakuelewa, chukua, ila jua RTX ya laptopu moja inaweza kupewa wati 40 na nyingine yenye jina lile lile wati 95, soma wati zake sio jina tu. Wengine wote kwa pesa ile ile tower inakupa zaidi na ikiharibika unabadilisha kipande kimoja.

Umeme wetu mnaujua. Ukikatika hausumbui sana, kinachoua mashine ni ukirudi na kishindo. Tenga pesa ya UPS (betri ya akiba) tangu mwanzo, isiwe ya baadaye, ya 650VA inabeba kama wati 360, itakupa dakika chache za kusevu na kuzima taratibu. Kuhusu Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, mashine ya wati 250 masaa 4 ni uniti moja, ukikaa nyumbani kwa mzazi mwambie mapema mkubaliane nani ananunua tokeni, nimeona vijana wamenyang'anywa kompyuta kwa jambo hili.

Bando za kudaunilodi GB 100 zinaumiza, tafuta mwenzako mwenye gemu hiyo hiyo Steam, mwambie atengeneze bakapu kwenye diski ya nje, wewe unairejesha kwenye akaunti yako uliyoinunulia, unabaki kudaunilodi sehemu ndogo. Epic, duka jingine la gemu mtandaoni, wanatoa gemu ya bure kila Alhamisi, jiunge hata kabla hujanunua mashine.

Siku ya kubeba, usiiweke tower kwenye boda na kadi ikiwa ndani, barabara ya mashimo inaivuta kadi mpaka sloti inapasuka. Ichomoe hapo dukani, ifunge kwenye boksi lake, iweke kwenye begi mgongoni, tower ishikilie mbele yako. Ukifika pachika, chomeka waya wa monita kwenye kadi kule chini, sio kwenye madabodi kule juu, kisha weka draiva (programu ya kuiendesha kadi) kutoka tovuti ya Nvidia au AMD. Kama gemu bado inakwama kwama, kabla hujampigia muuzaji kwa hasira, inama nyuma ya mashine uangalie tena huo waya umeingia wapi.