Kilomita hazikuambii utafika lini

SWALI: Naishi London. Nakwenda New York, halafu Dallas kwa dada yangu. Tovuti inasema London mpaka New York ni kilomita 5,540, safari ya saa 6 na dakika 10. Tiketi yangu imeandikwa safari ya karibu saa 8, na kurudi saa 7. Wakala anasema nifuate ya tovuti, ninunue tiketi ya pili ya Dallas inayoondoka saa 9 baada ya mimi kutoka London, nitakuwa na nafasi ya kutosha. Nimwamini nani?

JIBU: Amini tiketi. Tovuti imepima umbali sawasawa, kisha ikaugawa kwa kilomita 900 kwa saa, basi. Katika kazi yangu ya kupanga safari za ndege hakuna hesabu inayonichosha kama hii. Inaonekana ya kitaalamu, na watu wanaiwekea fedha zao.

Zile 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kimo cha kilomita 10 hivi, kuna mkondo wa upepo mkali utokao magharibi kwenda mashariki, na msimu wa baridi huzidi ukali. Ukienda New York unapambana nao. Ukikupunguzia 150 unabaki na 750, na hapo safari imeshapita saa 7 na robo. Ukirudi, unakusukuma. Februari 2020, dhoruba ya Ciara ilipouongezea nguvu mkondo huo, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Kilomita zilikuwa zilezile. Ndiyo maana njia za kuvuka bahari hiyo hupangwa upya kila siku kufuata upepo.

Tena tiketi huhesabu tangu ndege inaposukumwa kutoka langoni mpaka inapoegeshwa, kwa hiyo foleni ya kuruka pale Heathrow, uwanja wa ndege wa London, imo ndani.

Na anga si wazi kila mahali. Tangu 2022 ndege za Uingereza hazipiti juu ya Urusi. London kwenda Tokyo, iliyokuwa saa 12 hivi, sasa ni karibu 14. Tovuti ya kugawa itajuaje?

Hiyo tiketi ya Dallas usiinunue. Marekani, hata anayepita tu hupitia uhamiaji, huchukua mizigo na kuikabidhi upya. Saa moja haitoshi. Ukichelewa, shirika la pili halina wajibu kwako, maana halikukuuzia safari ya kutoka London. Biashara hii ya vipande vipande imeenea mno. Wanaokwenda Nairobi kupitia Doha au Dubai wanauziwa vivyo hivyo, na siku ya kukwama muuzaji hapokei simu. Mwambie wakala akupe tiketi moja, yenye namba moja ya kuhifadhi nafasi, London mpaka Dallas, mizigo ikiandikiwa Dallas. Akikataa, tafuta mwingine.