Mzazi mwenye dimenshia hahitaji kusahihishwa

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu walioanza kumuuguza mzazi mwenye dimenshia, yaani hali ya ubongo inayomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni hili: mama anamwulizia baba, na baba alishafariki. Nimwambie ukweli, au nimwache aendelee kumsubiri?

Mimi namuuguza mama yangu nyumbani, na jibu langu ni moja: usimpe msiba upya. Kwake habari ile itakuwa ya leo. Atalia kama aliyepigiwa simu sasa hivi, na baada ya muda mfupi atasahau kinachomliza, ila majonzi yenyewe yatabaki kifuani. Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti ambamo wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta dimenshia, walionyeshwa vipande vya filamu vya kuhuzunisha na vya kufurahisha. Walikumbuka kidogo sana walichokiona, lakini huzuni na furaha viliendelea kuwakaa hata picha zenyewe zilipokuwa zimewatoka.

Shika hilo kwanza, maana mengine mengi yanatoka hapo. Alzheimer, ambayo ndiyo chanzo cha takriban asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia, kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama anaweza kukusimulia ujana wake kwa kina, huku hajui kama amekula mchana. Basi akiniuliza, "Baba yenu yuko wapi?" humwambia, "Umemkumbuka, mama. Hebu nisimulie mlivyokutana." Anasimulia, na uso unatulia. Anachotaka ni kuwa karibu na mtu wake, na masimulizi yanampa hicho.

Vivyo hivyo anaposema, "Nataka kwenda nyumbani," naye amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Kwetu huwa ni jioni, na wauguzaji wengi watakuambia hivyo hivyo: jua likianza kuzama, mgonjwa anahangaika. Amechoka, mwanga umepungua, vivuli vinamchanganya. Ukimjibu "hapa ndipo nyumbani" unamwacha na hofu yake, tena sasa anajua kuwa hata wewe humwelewi. Mimi huwasha taa kabla giza halijaingia, hufunga mapazia, humpa nguo za kukunja. Akikazana, tunatoka naye, tunatembea kidogo, tunarudi. Mara nyingi tukifika mlangoni yeye ndiye anayenikaribisha ndani.

Kuoga ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu. Jiweke mahali pake: mtu usiyemtambua vizuri anakuvua nguo kwenye chumba chenye baridi, kisha maji yanakumwagikia kichwani bila taarifa. Nani asingepiga kelele? Mimi huweka kila kitu tayari kabla sijamwita, ili nisimwache peke yake kufuata sabuni. Maji ya uvuguvugu yanakuwa kwenye beseni, na anayagusa kwa mkono wake kwanza. Anakaa kwenye kiti, taulo kubwa mabegani. Naanza na miguu, napanda taratibu, na sehemu ninayoiosha ndiyo pekee iliyo wazi. Nampa kitambaa chenye sabuni ajisugue. Hata asiposugua vizuri, mkono wenye kazi hauna haja ya kunisukuma. Nywele nazipangia siku yake. Akikataa kabisa naacha, kisha narudi baadaye kwa sauti ya furaha kana kwamba ndiyo kwanza naingia. Siku moja bila kuoga haimdhuru, lakini kuvutana kwenye sakafu yenye maji kunaweza kumvunja nyonga.

Akikuita mwizi kwa sababu haoni pochi yake, usijitetee. Sema, "Pole mama, tuitafute wote." Chunguza chini ya godoro na ndani ya viatu.

Lipo jambo moja lisilongoja, nalo ni mabadiliko ya ghafla. Alzheimer huzidi polepole, kwa miezi na miaka. Mgonjwa aliyekuwa anatembea na kuongea jana, leo akalala kutwa nzima au akaanza kuwaona watu wasiokuwepo, usiseme tu kwamba ugonjwa umepanda. Mpeleke hospitali. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, kukosa choo kwa siku kadhaa au dawa mpya. Wazee wengi hawasikii kiu kama zamani, kwa hiyo usingoje aombe maji. Dawa za zamani za mafua na mzio, zile zinazoleta usingizi, nazo huivuruga akili ya mzee. Kusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za kununua bila cheti, umwonyeshe daktari. Na ukiandikiwa dawa ya kumtuliza, uliza inatibu nini hasa na itatumika kwa muda gani. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia.

Kama bado hajapimwa, usikubali kuambiwa "ni uzee tu". Tezi dundumio, ile ya shingoni, isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12 na sonona vinaweza kufanana na dimenshia, na vyote vina tiba. Na mambo ya benki na hati yazungumzwe mapema, yeye mwenyewe akiwa bado anaweza kusema anachotaka.

Sasa ndugu. Wanaokuja mara chache humkuta mama amechangamka, maana wageni humchangamsha, wakaondoka wakisema hana shida kubwa. Hilo linaumiza kuliko kukesha, najua. Usihangaike kuwashawishi kwa maneno. Wape zamu, tena ya kulala usiku. "Nisaidieni jamani" huwa haimpati mtu yeyote, kwa hiyo taja jina na siku: "Kaka, Ijumaa jioni hadi Jumapili ni zamu yako." Halafu mwachie karatasi yenye saa za dawa, namna anavyoogeshwa, taa isiyozimwa usiku, na mahali ulipo ufunguo wa mlango wa nje. Wewe ondoka kabisa humo ndani, ukalale.