Maswali ya gari: Koili moja imekufa, nne za nini?

*Gari langu ni Toyota IST ya cc 1500, enjini 1NZ-FE. Limeanza kumisi, hasa nikipanda mlima AC ikiwa imewashwa. Taa ya cheki enjini inawaka na wakati mwingine inapepesa. Fundi anasema nibadilishe koili zote nne na plagi. Je, ni lazima zote? Na kazi hii naweza kuifanya nyumbani? Msomaji, Morogoro*

Nyumbani unaweza, na zote nne si lazima. Kwenye 1NZ-FE kila koili, yaani kifaa kinachopandisha umeme ili plagi itoe cheche, imekaa juu ya plagi yake na inafanya kazi kivyake. Moja ikifa, tatu zinaendelea. Kwa hiyo kwanza tafuta iliyokufa, halafu utafute kilichoiua. Hilo la pili mafundi wengi hulipita haraka.

Taa ikipepesa, punguza mwendo na usikandamize mafuta. Petroli ambayo haikuungua kwenye silinda huenda kuungulia ndani ya katalisti ya ekzosti (kifaa kinachosafisha moshi), na hiyo ikiharibika utaikumbuka bei ya koili kwa hamu.

Soma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari) kwa mashine ya kusomea kabla hujagusa betri, maana ukitoa waya wa betri kodi zinafutika. P0301 hadi P0304 ni misi, yaani silinda haiunguzi petroli yake sawasawa, na tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda: namba 1 iko upande wa mkanda wa alteneta, namba 4 upande wa gia boksi. P0351 hadi P0354 zinahusu sakiti ya koili yenyewe. Vimashine vidogo vya Bluetooth wakati mwingine hugoma kusoma magari ya zamani kutoka Japani. Ikiwa hivyo, zima enjini, chomoa konekta ya koili moja, washa, sikiliza sekunde chache tu, zima tena, rudisha, nenda inayofuata. Ukichomoa na enjini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa nzima. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, umeifikia. Usichomoe enjini ikiwa inanguruma: umeme wa koili ni maelfu ya volti.

Tuseme ni silinda ya 2. Badilishana: koili ya 2 iende 3, ya 3 ije 2. Futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili imehama na ugonjwa wake, nunua moja. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Badilishana plagi kwa namna hiyohiyo, na ikikataa tena angalia injekta (inayopulizia petroli), waya na kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda). Kipimo hiki hakina gharama, na ndicho kinachokuokolea bei ya koili tatu nzima.

Kazi yenyewe ifanye enjini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu silinda hedi ni aluminiamu na nyuzi zake huliwa kirahisi ukifungua plagi ikiwa ya moto. Utahitaji soketi namba 10, soketi ya plagi namba 16 yenye raba au sumaku ndani, na ekstensheni ndefu. Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, toa kava ya plastiki ya juu kama ipo. Konekta zilizopikwa na joto kwa miaka mingi huwa kavu kama biskuti: bonyeza kilimi mpaka ndani ndipo uvute, ushike plastiki, usivute waya. Fungua bolti ya namba 10. Zungusha koili kidogo kushoto na kulia kuiachisha raba, kisha ivute wima. Ukiipinda, raba inakatika na kipande kinabaki shimoni.

Kabla ya kufungua plagi, puliza mashimo kwa upepo. Mchanga uliomo humo utaanguka ndani ya silinda mara tu plagi itakapotoka.

Sasa tazama ulichokitoa. Kwenye raba ya koili tafuta mstari mwembamba wa kijivu au mweusi, kama ufa uliochorwa kwa penseli, unaoshuka mpaka kwenye mdomo. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichongea kwenda kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Kwenye kaure ya plagi (sehemu yake nyeupe), mistari myeusi ya wima ina maana hiyohiyo. Lakini duara la rangi ya kahawia chini ya kaure, pale inapokutana na chuma, ni kawaida. Wengi huambiwa moshi unavuja wakanunua plagi bure.

Pima pengo la plagi. Plagi za kawaida za enjini hii, kwa mfano Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11, hutoka na pengo la mm 1.1. Zikichakaa pengo linapanuka, koili inalazimika kupandisha volti kuliruka, na mwishowe umeme unapasua insulesheni yake. Ukiweka koili mpya juu ya plagi iliyolika, unaandaa kifo cha pili. Kwa hiyo kwenye plagi fundi wako yuko sahihi: zikiwa zimelika, badilisha zote nne.

Plagi mpya ianze kwa mkono, soketi na ekstensheni bila racheti, mpaka ikae. Kisha ongeza nusu mzunguko. Mwenye toki renchi aweke N·m 18. Nyuzi zisipakwe grisi. Bolti ya koili ni N·m 9 tu, yaani ukiona imekaza, acha. Ukirudisha betri, silensa (mzunguko wa enjini gari likiwa limesimama) inaweza kuyumba kidogo mpaka kompyuta ijifunze upya.

Dukani nenda na koili ya zamani mkononi ulinganishe namba. Nyingi za 1NZ-FE ni 90919-02240. Ile 90919-02239 ni ya 1ZZ-FE, muuzaji asikwambie "zote zinaingia". Koili hizi zina pini nne, na mojawapo hurudisha taarifa kwenye kompyuta kwamba cheche imepigwa. Koili feki huweza kuwasha enjini vizuri kabisa lakini taarifa hiyo isirudi sawasawa, nawe ukabaki na P0352 isiyoisha.

*Nimepima koili ya Vitz kwa multimita, ohm hazieleweki. Je, imekufa? Msomaji, Kisumu*

Huwezi kujua kwa njia hiyo, kipimo hicho hakikufai. Koili ya pini nne ina igniter (swichi ya kielektroniki inayoiwasha na kuizima koili) ndani yake, na multimita inasoma igniter hiyo badala ya koili. Badilishana silinda kama tulivyoeleza juu. Unachoweza kupima ni konekta: swichi ikiwa ON, pini ya umeme iwe na volti za betri, na pini ya ethi iwe na ethi ya kweli.

*Koili zangu mbili zimetoka zimelowa oili. Nizifute tu? Msomaji, Tanga*

Ukizifuta tu, zitalowa tena. Raba zinazoziba mashimo ya plagi zimekauka, na oili ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha enjini) inashuka. Badilisha raba hizo pamoja na gasketi ya tapeti kava, kausha mashimo, kisha kagua koili. Ile ambayo raba yake imevimba na kulegea, itupe.

*Gari lilianza kumisi baada ya kuoshwa enjini. Msomaji, Mombasa*

Maji yamejaa kwenye mashimo ya plagi. Toa koili, puliza kwa upepo, anika koili na konekta mpaka zikauke, rudisha. Ikiendelea kumisi baada ya hapo, fanya kipimo cha kubadilishana.